Dirisha Linalokaa Wazi Mvua Ikinyesha

Hotuba kwa mafundi vijana wa useremala, uchomeaji na alumini, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu, mafundi wazee mliotutangulia, na nyinyi vijana mlioacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kunisikiliza, ahsanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya madirisha ya tela la kulalia, haya matela madogo ya kuvutwa na gari ambayo baadhi yenu mmeanza kuyaunda kwa ekseli za magari mabovu na plaiwudi. Tangu nashuka garini naulizwa swali lile lile: "Mzee, tuweke kioo gani?" Nitalijibu, lakini si sasa hivi. Kioo ndiyo habari ya mwisho. Ya kwanza ni hewa, ya pili mvua, na hizo mbili zikishapangwa utakuta kioo chenyewe hakina ubishi mkubwa.

Matela haya hayakuanzia kwetu. Marekani walianza kuyaunda uani kwao miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakashika kasi. Umbo lake kama tone la maji: mbele duara, nyuma mteremko, jiko nyuma nje, ndani godoro na watu wawili. Aliyelibuni hakufikiria joto la Pemba mwezi wa Februari. Alifikiria usiku wa baridi, na ndiyo maana madirisha mazuri ya kiwandani ya matela hayo, hasa ya Ulaya, yana ngozi mbili za plastiki na hewa katikati, ili joto lisitoke na kioo kisilie jasho kwa ndani. Ni dirisha zuri, silikatai. Lakini ukiagiza kwa gharama zote zile, umenunua dawa ya maradhi ambayo wewe huumwi.

Sisi tunalala wapi na tela? Wako mnaowaundia wageni wanaotaka kulala Vumawimbi, karibu na msitu wa Ngezi. Wako wanaofikiria msimu wa karafuu, pale familia inapohamia shamba na kukaa kambini mpaka uchumaji uishe. Mvuvi mmoja kaniuliza kama linafaa kwa dago, yaani kambi ya wavuvi. Wote hao wanalala penye joto na unyevu, penye mbu, na wakati wowote mvua inaweza kushuka. Kwa hiyo mimi napima dirisha kwa jambo moja: likae wazi usiku kucha huku mvua inanyesha. Dirisha linalokulazimisha kulifunga kila wingu likipita ni ukuta uliolipiwa pesa nyingi.

Tuifanye hesabu kidogo. Plaiwudi ni futi 8 kwa 4, na wengi wenu mnaunda sanduku la futi 8 kwa 4 kwa 4. Hizo ni kama lita 3,600 za hewa. Toa godoro, makabati na watu wenyewe, tuseme zimebaki 3,000. Mtu mzima aliyelala anatoa zaidi ya lita 10 za hewa ukaa kwa saa, wawili zaidi ya 20. Nje, katika kila sehemu 10,000 za hewa, hewa ukaa ni sehemu 4 na kidogo. Lifungeni sanduku lile kisawasawa, na baada ya saa moja tu zimeshapita 60. Hamtakufa kwa hilo, na sanduku la mbao halikosi mwanya, lakini mtaamka vichwa vizito, shuka imelowa, na mteja atasema tela lako lina mashetani. Halina mashetani, halina njia ya hewa.

Njia ina pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja kubwa upande mmoja halishindi mawili madogo yanayokabiliana. Na la pili liwe juu kuliko la kwanza, kwa sababu hewa ya moto inapanda. Mimi napenda madirisha mawili ya ubavuni, moja kila upande, na tundu la paa. Kule Marekani tundu hilo lina kipimo kilichozoeleka, inchi 14 kwa 14, na vifuniko vyake vingi vimetengenezwa kwa kipimo hicho, kwa hiyo hata ukiunda cha kwako, toboa kwa kipimo hicho ili siku kikivunjika kipatikane cha kubadilisha. Ukitia na feni ndogo ya volti 12 inayovuta hewa kwenda nje, usiku usio na upepo nao umeupatia dawa.

Tela lina neema moja ambayo nyumba haina: unaligeuza. Wakati wa kusi ubavu wenye dirisha kubwa uelekeze kusini-mashariki, kaskazi ikiingia uelekeze kaskazini-mashariki. Mwambieni mteja hili siku ya kumkabidhi, maana wengi wanaegesha wakifuata mandhari ya bahari kisha wanalalamika joto.

Sasa tuje kwenye aina.

Dirisha la kusukuma, lile linaloteleza kwenye reli, ndilo mnalolijua wote, kila fundi alumini analitengeneza, na ndilo mtakalolikimbilia. Mimi silipendi kwa kazi hii, na nitasema kwa nini. Kwanza, ukilifungua lote, umefungua nusu. Dirisha la sentimita 60 kwa 40 linakupa uwazi wa 30 kwa 40. Tia wavu wa mbu, na wavu unakula sehemu kubwa ya upepo uliobaki. Pili, mvua inaingia moja kwa moja. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, reli yake ya chini inakusanya maji. Katika nyumba reli imelala sawasawa, na vitundu vya kutolea maji vinafanya kazi yake. Tela haliegeshwi sawasawa hata siku moja. Linainama mbele, linainama ubavu, maji yanakimbilia pembe moja, na kama kitundu kiko katikati au kimezibwa na vumbi la barabara ya shamba, maji yanapanda ukingo na kuingia godoroni. Kama hamna budi kulitumia, toboeni vitundu pembe zote mbili kwa upande wa nje, na mteja afundishwe kuvizibua kwa kijiti.

Dirisha la bawaba juu, linalofunguka kwenda nje kutokea chini, hilo ndilo langu. Ubao wenyewe unakuwa upenu. Mvua inanyesha, wewe umelala, upepo unaingia kwa chini. Lina masharti yake. Bawaba iwe moja ndefu ya mfululizo, upana wote wa dirisha, si mbili fupi za kabati, na iwe ya stenlesi, kwa sababu chumvi ya huku hailei chuma cha kawaida. Mikono ya kulishikilia iwe miwili, kushoto na kulia, yenye hatua mbili au tatu za ufunguzi, maana upepo wa kusi ukilikamata dirisha lenye mkono mmoja unalipinda mpaka bawaba ing'oke. Na komeo liwe la kubana, lisiwe la kugusia tu: dirisha hili likifunguka barabarani, yanayokuja ni mengine. Na tela likiegeshwa uwanjani, dirisha lililo wazi linampata mtoto paji la uso, basi pembe za ubao zizungusheni, zisiwe kali.

Aina ya tatu haina kioo kabisa. Hapa ninajua vijana wa alumini mtanicheka. Nendeni Mji Mkongwe, Unguja, mtazame madirisha ya nyumba za zamani: luva, yaani vipande vya mbao vilivyopangwa mshazari, hewa inapita, aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni ndani. Walioziunda walikuwa na joto hili hili na walikuwa na haja ya sitara hii hii tuliyonayo. Tela lina ukuta wa hatua moja kutoka kwenye mwili wa mtu aliyelala. Mama na wanawe hawatalala humo kama kila mpita njia anaweza kuchungulia. Pazia linaleta sitara, lakini linaziba hewa. Luva inatoa vyote viwili.

Kuichonga luva ya tela ni kazi ya seremala, tena ya kupendeza. Vipande vyembamba, milimita 6 au 8, vya mbao ngumu iliyokauka vizuri, vikae mshazari nyuzi 45, vikiinamia nje. Kipimo cha kuangalia ni hiki: ukitazama kwa mbele, jicho likiwa sawa na luva, usione ndani. Ukingo wa chini wa kipande cha juu ushuke chini ya ukingo wa juu wa kipande kinachofuata, angalau kwa unene wa kidole. Ukiacha mwanya wa kuonekana, tone la mvua ya upepo litaupata. Kwa nje wekeni kifuniko cha plaiwudi cha kufungia wakati wa safari, kwa sababu mvua ya mwendo wa gari haiji kwa kushuka, inakuja kwa ubavu na kupanda, na hakuna luva iliyochongwa kwa mvua hiyo. Kwa hiyo ninachowashauri ni mchanganyiko: ubavu mmoja dirisha la bawaba juu kwa ajili ya mwanga na kutazama, ubavu wa pili luva.

Vioo vya magari mabovu vina wapenzi wengi, na si vibaya. Kioo cha ubavu cha Hiace kimetengenezwa kwa kutikiswa, na raba zake unazipata hapo hapo. Ila angalieni mambo mawili. Vioo vingi vya ubavu vimepinda kidogo. Kilazeni juu ya meza iliyonyooka muone. Kikicheza, ukuta wako wa plaiwudi ulionyooka hautakipokea, na mkikilazimisha kitapasuka siku ya kwanza ya barabara ya mashimo. La pili, hamtakikata. Kioo cha tempa kinapashwa moto unaozidi nyuzi 600 kisha kinapozwa ghafla, na nguvu yake yote imo katika mvutano huo. Ukikikwaruza kwa kisu cha almasi upate kipimo chako, kinamwagika chote chembe chembe. Kama unaagiza kipya, kata na toboa kwanza, tempa baadaye. Kukitambua, tafuteni muhuri pembeni; wenye alama ya 43R ni kioo cha usalama cha magari. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, kile cha milimita 4, msikiweke. Kikivunjika kinatoa visu, na kichwa cha mtu kiko hapo hapo.

Na dirisha la mbele? Sioni haja. Mawe ya matairi ya gari linalovuta yote yanaishia huko. Kijidirisha cha paani cha kutazamia nyota nacho waachieni wenye nchi za baridi, saa sita mchana mtaelewa.

Haya, sasa kioo gani. Kwa ubao wa dirisha la bawaba juu uchaguzi ni kioo cha tempa, au plastiki angavu, yaani akriliki au polikaboneti. Kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa mita ya mraba. Akriliki ya unene huo haifiki kilo 5. Kwa dirisha letu la 60 kwa 40, ni kilo 2.4 dhidi ya moja na kidogo. Si tofauti ndogo kwa kitu kinachoning'inia kwenye bawaba na kupigwapigwa na barabara. Kwa hiyo mimi naelekea akriliki, ile ile wanayokatia mabango.

Lakini naomba kipande hiki mkipitishe mkono kwa mkono. Kikifika kwako, kielekeze kwenye mwanga utazame pembeni mwa matundu ya skrubu. Mnaona nyufa ndogo ndogo, zimetawanyika kutoka kwenye tundu kama miguu ya buibui? Aliyekifunga ni fundi mzuri, wala hakukaza kupita kiasi. Tundu lilikuwa sawasawa na skrubu, basi. Akriliki inatanuka kwa joto karibu mara nane kuliko kioo. Kipande cha sentimita 60, kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka kwenye jua la saa saba, joto lake likipanda nyuzi 40, kinarefuka kama milimita moja na nusu, pengine zaidi kidogo. Kikikosa pa kwendea, kinajipasulia njia. Kwa hiyo tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita 3, chini ya kichwa cha skrubu kuwe na washa ya raba, na skrubu ikazwe kwa mkono. Bora zaidi, msitoboe kabisa: bananisheni akriliki ndani ya fremu yenye raba, na muache nafasi ya milimita 2 kila upande. Na msiisafishe kwa spiriti wala dawa za vioo zenye amonia, nazo zinaleta nyufa hizo hizo. Maji, sabuni, kitambaa laini.

Polikaboneti ni ngumu zaidi kuvunjika, hata nyundo haiiwezi, ila inachubuka upesi na jua linaifanya manjano kama haikupakwa kinga. Kwa kawaida kinga iko upande mmoja na karatasi yake inaonyesha ni upi. Upande huo ndio utazame jua. Mimi ningeitumia kwa kifuniko cha tundu la paa, pahala panapoangukiwa na nazi na maembe.

Wavu. Usikubali wavu wa chuma cha mabati, chumvi itautoboa. Chukueni wa fiberglasi. Wavu wa kawaida unazuia mbu, hauzuii usubi, na anayelala karibu na mikoko anajua nisemalo. Kuna wenye matundu madogo zaidi unaozuia usubi, lakini kila tundu likipungua upepo nao unapungua, na hapo itabidi dirisha liwe kubwa zaidi kufidia. Kwa dirisha linalofunguka nje, wavu unakaa ndani, kwa hiyo fikirieni mkono utapitaje kulifungua. Fremu ya wavu ya kushikwa kwa sumaku au kwa vishikizo viwili vya kuzungusha inatosha.

Kwenye kutoboa ukuta, kanuni yangu ni fupi: nunua au unda dirisha kwanza, toboa baadaye. Madirisha ya kiwandani yana pete ya ndani inayobana ukuta, na kila moja limetengenezewa unene wake. Ukuta wako ukiwa wa milimita 18 na dirisha linataka 30, utazungusha fremu ya mbao kwa ndani, na ni vyema kulijua hilo kabla hujapaka rangi. Pembe za tundu zisiwe mraba. Pembe kali ndiyo pahala plaiwudi inapoanzia kupasuka kwa mtikisiko, basi zizungushwe, hata kwa kipimo cha kopo dogo la rangi.

Tundu likishakatwa, kingo za plaiwudi zile mbichi ndizo mdomo wa maji. Zinywesheni epoksi, au rangi ya msingi mikono mitatu, kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo nawaonea fahari waunda majahazi, maana kwao kutia kalafati, yaani kuziba mishono ya chombo, ni kazi yenyewe, si nakshi ya mwisho. Sisi wa nyumba tunapiga silikoni kwa nje, tunapitisha kidole, tunaondoka. Silikoni iliyopakwa juu ya mshono inabanduka. Kizibo kikae ndani ya mshono, kati ya fremu na ukuta, na kwa kazi hii utepe wa butili, ule wa raba laini inayonata, unashinda silikoni, kwa sababu haukauki, unafuata mtikisiko, na siku ya kutoa dirisha linatoka bila kuchana mbao. Juu ya kila dirisha wekeni mchirizi mdogo wa alumini wa kuyapeleka maji pembeni.

Skrubu za stenlesi ndani ya alumini, karibu na bahari, zinaleta unga mweupe na kuila alumini pole pole. Hamna namna ya kuzikwepa skrubu, lakini washa za plastiki na tone la kizibo kwenye kila tundu vinatenganisha metali hizo mbili.

Kabla hatujatoka, jambo la jiko. Kuna kijana kaniuliza kama dirisha likiwa wazi mtu anaweza kuingiza jiko la makaa ndani ajipashie chai mvua ikinyesha. Hapana, mwanangu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala haionekani, na inaua mtu usingizini. Dirisha nusu wazi si kinga yake. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatulia sakafuni, chini ya godoro, na dirisha lako zuri la juu halitaitoa. Mtungi ukae nje, na sakafu ya kabati la jiko iwe na tundu la kushushia gesi, lililofunikwa wavu.

Maswali ya bei za akriliki mtawauliza wauzaji, mimi sitaki kusema ya leo kesho yakawa mengine. Pale uani kuna tela lililokwisha kutiwa madirisha yote mawili, la bawaba juu na la luva, na mpira wa maji umeshavutwa. Mmoja aingie ndani na tochi, mlango ufungwe. Anayemwagia aanzie ukingo wa chini wa dirisha, akae hapo dakika kadhaa, kisha apande ubavuni, na juu iwe mwisho, maana ukianza juu maji yanateremka kila pahala na hutajua mlango wake uko wapi. Wa ndani akiona tone, apige ukuta pale pale, na wa nje atie alama ya chaki. Dirisha la bawaba likishafaulu likiwa limefungwa, tulifungue hatua ya kwanza, tuinamishe tela kwa jeki upande mmoja, na tumwagie tena kutoka juu. Wa alumini mkae upande wa luva, maseremala upande wa kioo, kila mmoja aikague kazi ya mwenzake. Karibuni nje.